Spea sahihi kwa V8: mwongozo kamili wa kuchagua vipuri vya Land Cruiser 200

Mteja akija kaunta na kuniambia "nipe pedi za V8 ya 2015", bado hajaniambia gari lake ni lipi. Ametaja jina la mtaani na mwaka alioukuta kwenye kadi. Nimesimama nyuma ya kaunta ya vipuri Gerezani, Dar es Salaam, kwa miaka mingi, na spea nyingi nilizowahi kurudishiwa hazikuwa mbovu. Zilikuwa nzima, mpya, zimetengenezwa vizuri, ila ni za gari jingine.

Land Cruiser 200 ilianza kuuzwa 2007 na ikadumu hadi 2021 ilipoipisha Land Cruiser 300. Katika muda huo iliuzwa Japani, nchi za Ghuba, Australia, Ulaya, Marekani na Afrika, na kila soko lilipewa injini na vifaa vyake. Huku kwetu zimefika karibu zote. Zipo zilizonunuliwa mpya na taasisi za serikali na mashirika, yale mashangingi meupe tunayoyajua. Zipo za mtumba kutoka Japani, na zipo zilizopitia Dubai. Zote tunaziita V8, hata ile ya Ghuba yenye injini ya silinda sita. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye gari, na dukani tutafika baadaye.

Hatua ya kwanza: soma kibati cha gari

Fungua mlango wa mbele utazame nguzo ya mlango. Usipokiona kibati pale, nyanyua boneti uangalie ukuta wa nyuma ya injini, kwa sababu mahali pake hutegemea soko. Kibati kina mistari michache: MODEL, ENGINE, FRAME NO. au VIN, C/TR na A/TM. Kipige picha inayosomeka na uitunze kwenye simu. Namba ya chasisi yenyewe imegongwa kwenye chuma cha chasisi upande wa kulia, karibu na tairi la mbele. Ifute matope, kisha uilinganishe na ya kwenye kadi. Zikipishana, usinunue kitu chochote kabla hujajua sababu.

Kwenye mstari wa MODEL, herufi na tarakimu za mwanzo zinataja injini. VDJ200 ni dizeli ya lita 4.5, injini ya 1VD-FTV. UZJ200 ni petroli ya lita 4.7, 2UZ-FE. URJ202 ni petroli ya lita 4.6, 1UR-FE, na URJ200 ni ile kubwa ya lita 5.7, 3UR-FE. Lexus LX570, ndugu yake wa damu, ni URJ201. GRJ200 ndiyo ya silinda sita, lita 4.0, ambayo wengi wanaoiendesha wanaiita V8 bila kujua.

Herufi inayofuata nayo ina maana: R ni usukani wa kulia, L wa kushoto, W ni gari la soko la Japani. Herufi ya mwisho kabisa ya msimbo, kama ipo, hutaja soko: V kwa Ghuba, W kwa Ulaya, Q kwa Australia, A kwa Marekani. Gari la Japani kwa kawaida halina herufi hiyo ya mwisho. Pia halina VIN, ile namba ndefu ya herufi na tarakimu 17. Lina namba fupi ya fremu inayoanza na msimbo wa gari, kwa mfano URJ202, kisha kistari na tarakimu saba. Muuzaji wa Dubai akikudai hizo 17 na gari lako ni la Japani, usihangaike kuzitafuta. Mpe namba ya fremu jinsi ilivyo.

C/TR ni rangi ya bodi na ya ndani, utaihitaji siku ya kununua kioo cha pembeni au kitasa. A/TM inaeleza uwiano wa difu na aina ya giaboksi. Anayetafuta difu ya mtumba bila kusoma A/TM anacheza bahati nasibu, kwa maana difu ya mbele na ya nyuma zikipishana uwiano, gari hili ambalo magurudumu yake yote manne huvuta muda wote litaharibu transfa kesi, yaani kifaa kinachogawa nguvu kwa difu hizo mbili.

Hatua ya pili: jua mwezi lilipotengenezwa

Mwaka wa kwenye kadi unaweza kuwa wa usajili wa kwanza. Kiwanda hakibadilishi vipuri Januari mosi, hubadilisha siku toleo jipya linapoingia. Kwa 200, badiliko kubwa lilikuja katikati ya 2015, sura ya mbele ilipobadilishwa. Pamoja na taa na grili, breki za mbele nazo zilikua: diski za milimita 340 zikawa za milimita 354, na kalipa zake zikabadilika.

Mteja wangu mmoja wa Dodoma aliagiza pedi kwa simu, "V8 ya 2015". Akatumiwa kwa basi. Zilipofika hazikuingia, kwa sababu gari lake lilikuwa la mwishoni mwa mwaka, lenye breki kubwa. Gari lilikaa juu ya jeki siku tatu likisubiri pedi nyingine zisafiri. Picha moja ya kibati ingetosha, kwani katalogi ikishapata namba ya fremu inaonyesha mwezi wenyewe.

Hatua ya tatu: jua gari lina mifumo gani

Magari mawili yenye injini moja na mwaka mmoja yanaweza kutofautiana kabisa chini. Ingia uvunguni kabla ya kuagiza shokapu, springi au bushi yoyote.

Tafuta kwanza KDSS. Huu ni mfumo wa haidroliki unaounganisha stabilaiza ya mbele na ya nyuma, ili gari lisilale kwenye kona na wakati huohuo magurudumu yawe huru kwenye mashimo. Utaona silinda ndogo ya haidroliki mahali ambapo ungetarajia linki ya kawaida ya stabilaiza, na mabomba yanayoelekea kwenye tangi dogo la shinikizo kwenye chasisi upande wa kushoto. Ukiliona hilo, kila unapouliza vipuri vya chini taja neno KDSS. Stabilaiza zake na viungo vyake ni vya pekee, na hata watengenezaji wa springi za kunyanyulia gari hutofautisha lenye KDSS na lisilo nayo.

Kuna pia AHC, mfumo wa kupandisha na kushusha gari kwa swichi. LX570 nyingi zinao, na baadhi ya 200 za daraja la juu pia. Shokapu zake ni silinda za mafuta zinazosaidiwa na vyungu vya gesi ya naitrojeni. Gari likianza kurukaruka kama mkokoteni, mara nyingi ni vyungu vya gesi vilivyochoka, na silinda zenyewe zinaweza kuwa nzima bado. Kabla ya kukubali ushauri wa kung'oa mfumo mzima na kufunga shokapu za kawaida, mtake fundi apime vyungu. Mafuta yake ni ya AHC pekee, wala usimruhusu mtu kukujazia ya stelingi.

Hatua ya nne: pata namba ya kipuri

Namba ya kipuri cha Toyota ina tarakimu kumi, tano kisha kistari kisha tano, na mara nyingine nyongeza ya herufi na tarakimu mwishoni inayotaja rangi. Tano za kwanza zinasema ni kitu gani, na ukizizoea hutadanganyika kirahisi. 04465 ni pedi za breki za mbele, 04466 za nyuma. 43512 ni diski ya mbele. 48510 ni shokapu ya mbele, 48530 au 48531 ya nyuma. 45046 ni tairodi endi, 16100 pampu ya maji, 17801 filta ya hewa, 23390 filta ya dizeli. 04152 ni filta ya oili ya karatasi inayokaa ndani ya kikombe, wakati 90915 ni ile ya kopo inayofungwa kwa kuzungushwa.

Tano za pili zinasema ni ya gari au injini ipi. Vipuri vya bodi na chasisi vya Land Cruiser mara nyingi huanza na 60 hapo. Vya injini hufuata injini: 51 kwa dizeli ya 1VD, 38 kwa petroli za UR, 50 kwa UZ. Kwa hiyo ukipewa filta ya hewa ya 17801-38 na gari lako ni VDJ200, simama hapohapo.

Namba utaipata kwa wakala rasmi wa Toyota ukimpa namba ya fremu, au kwenye katalogi za mtandaoni zinazokubali namba hiyo. Kipuri cha zamani kikiwa bado kina namba, isome na uilinganishe na katalogi, usiiamini peke yake. Huenda aliyekuwa na gari kabla yako naye alifungiwa kisicho chake. Na ukiona namba ya dukani imepishana na ya katalogi kwenye tarakimu za mwisho, usikimbilie kusema feki. Toyota hubadilisha namba inapoboresha kipuri, na katalogi huonyesha namba ya zamani imerithiwa na ipi.

Sasa lipo suala linalowaponza hata mafundi wazoefu: kushoto na kulia. Vinahesabiwa kwa mtu aliyekaa kwenye kiti akitazama mbele. Fundi aliyesimama mbele ya boneti anakuona wewe, na kulia kwake ni kushoto kwa gari. Andika "upande wa dereva" au "upande wa abiria", na useme usukani uko wapi.

Usukani wenyewe una mambo. Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto mwa barabara. Kongo, Rwanda na Burundi wanaendesha kulia, na Ghuba vilevile. Spea nyingi za 200 zinazotoka Dubai ni za magari ya usukani wa kushoto. Pedi, diski, filta na pampu ya maji hazijali. Stelingi reki inajali, mikono ya waipa inajali, dashibodi inajali. Taa za mbele zinajali kuliko mnavyodhani: taa ya gari la usukani wa kushoto hunyanyua mwanga upande wa kulia, na barabarani kwetu mwanga huo unaingia machoni mwa anayekuja. Inafunga vizuri na inawaka vizuri, ila usiku kwenye barabara ya Morogoro inaweza kuua mtu.

Hatua ya tano: chagua daraja la ubora

Mpaka hapa una namba. Sasa dukani utawekewa maboksi manne yenye bei nne.

La kwanza ni la Toyota lenyewe. La pili ni la kampuni inayoitengenezea Toyota lakini sasa inauza kwa jina lake: Denso kwa filta, plagi, nozeli na rejeta, Aisin kwa pampu za maji, Advics kwa breki, KYB na Tokico kwa shokapu, Koyo, NSK na NTN kwa beringi. La tatu ni la watengenezaji wengine wenye jina, kama 555 ya Japani, ambayo mafundi wengi wa Afrika Mashariki wanaiamini kwenye boljointi na tairodi. La nne halina jina, au lina jina la kuibiwa.

Ushauri wangu, na sitaki kuuzungusha: la pili ndilo linalomfaa mwenye gari wa kawaida kwenye vitu vingi. Boksi la Toyota lichukue pale ambapo la pili halipatikani au ambapo kosa ni ghali mno. La nne liache, hata kwa kitu kidogo kama filta.

Nianze na filta, kwa kuwa ndizo zinazodharauliwa. Dizeli ya 1VD ni ya komoni reli, nozeli zake zinapitisha mafuta kwenye matundu membamba kwa shinikizo kubwa sana, na tone la maji au chembe ya mchanga inatosha kuziharibu. Filta ya dizeli ya bei ya chini huokoa hela ya chakula cha mchana, kisha inakupeleka kwenye seti ya nozeli nane. Filta ya hewa vilevile: usitazame karatasi pekee, tazama mpira wa pembeni. Uminye, uwe laini na urudi. Ukiwa mgumu au mwembamba, vumbi litapita pembeni yake liingie kwenye tabo na silinda. Wanaosafiri Singida, Turkana au Karamoja wanajua vumbi ninalolizungumzia.

Breki za gari linalopita tani tatu likiwa limebeba mzigo hazina mjadala. Nunua pedi za Toyota, Advics au mtengenezaji mwingine wa jina, na upime diski kabla ya kuzirudisha. Unene wa chini kabisa unaoruhusiwa umeandikwa kwenye diski yenyewe, pembeni ya maneno MIN TH. Kalipa ya kupimia ikikuonyesha umeshuka hapo, badilisha zote mbili za ekseli moja. 200 pia ina busta ya breki ya haidroliki yenye pampu ya umeme na tangi la shinikizo. Ni kifaa ghali, na hapo ndipo watu hushawishika kununua cha mtumba. Mimi sikiuzi cha mtumba, maana hakuna njia ya kukijaribu kaunta.

Kwenye upozaji, rejeta ya 200 ina matangi ya plastiki, na hasa kwenye lita 5.7 tangi la juu hujulikana kwa kupasuka ufa mwembamba. Ukiona alama ya waridi iliyokauka juu ya plastiki, usisubiri. Kulanti ya Toyota ni ya waridi. Usichanganye na ya kijani, na usiongezee maji ya kisima, yana chumvi. Mwenye UZJ200 anapaswa kukumbuka kuwa injini yake ndiyo yenye mkanda wa taimingi kati ya hizi V8, wenzake wana cheni. Mkanda hubadilishwa kwenye kilomita 150,000 au mapema zaidi, na pampu ya maji hubadilishwa siku hiyohiyo kwa kuwa mkanda huo ndio unaoizungusha. Kama hujui mara ya mwisho ulibadilishwa lini, hesabu kuwa haujabadilishwa.

Rimu na matairi nitapita haraka. 200 ina nati tano, kipimo ni 5x150. Prado na 300 zina nati sita, 6x139.7, kwa hiyo rimu zake hazikufai hata zikiwa nzuri vipi. Tairi la kawaida la inchi 18 ni 285/60R18, lenye namba ya uzito 116 au zaidi, yaani kilo 1,250 kwa tairi. Soma tarakimu nne za mwisho za DOT, msimbo ulioandikwa ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Hatua ya sita: mtumba, lini na lini siyo

Siwakatazi spea za mtumba. Mlango, boneti, bampa, viti, vioo, hata alteneta iliyojaribiwa mbele yako, vyote vinaweza kutoka kwenye gari lililokatwa nusu na vikakufaa kwa miaka. Kwa alteneta ya 1VD kuwa mwangalifu, iko chini na hunywa matope. Ifungue nyuma utazame kabla ya kulipa. Nunua kutoka kwenye gari ambalo muuzaji anaweza kukuonyesha namba yake ya fremu, kwani wizi wa taa na vioo mjini unaishi kwa wanunuzi wasiouliza.

Usinunue mtumba wa boljointi, tairodi, pedi, mkanda, pampu ya maji wala begi la hewa la usalama. Hivi vina umri usioonekana kwa macho.

Hatua ya saba: kagua kabla hujalipa

Fungua boksi pale pale. Namba iliyo kwenye kipuri chenyewe ifanane na ya kwenye lebo. Maandishi yawe makali, yasiyofifia wala kukosewa herufi. Filta ya kopo itazame ndani: mpira wa kuzuia oili kurudi uwe unanyumbulika, hesi ziwe safi. Shokapu isukume ndani kwa mkono. Ikiwa ya gesi irudi polepole yenyewe, na fimbo isiwe na mkwaruzo. Lete na kipuri cha zamani uziweke bega kwa bega, mashimo kwa mashimo. Bei ikiwa nusu ya ile ya maduka mengine matatu, muulize muuzaji sababu, na umsikilize anavyojibu. Chukua risiti yenye namba ya kipuri, kwa maana "spea ya V8" kwenye risiti haitakusaidia kuirudisha.

Hatua ya nane: siku ya kufunga

Spea sahihi inaweza kuharibiwa ndani ya saa moja. Nozeli mpya za 1VD zina msimbo uliochapwa juu yake, na kila msimbo lazima uingizwe kwenye kompyuta ya gari kwa mashine. Gereji isiyo na mashine isizifunge. Kwenye gari lenye KDSS, fundi alegeze vali mbili za mfumo kabla ya kufungua vipuri vya chini, kisha azifunge gari likiwa limesimama sawa, vinginevyo litaegemea upande mmoja. Bolti zinazobana bushi za mpira zikazwe mwisho gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake. Zikikazwa likiwa kwenye jeki, mpira unakaa umejipinda na kupasuka mapema, kisha lawama zinamwendea mwenye duka. Giaboksi ya kasi sita hujazwa mafuta ya Toyota ya ATF WS kwa kupima joto la mafuta hayo, haina dipstiki ya kuchungulia, hivyo "nimeweka ya kutosha" si jibu.

Ukimaliza, ondoka na kipuri cha zamani, na uandike kwenye daftari la gari tarehe, kilomita, na zile tarakimu kumi. Safari ijayo ukija kaunta utanisomea namba, nami nitageuka nyuma kuchukua boksi bila kukuuliza swali.